Kiungulia Kisicho na Wageni

Jumatatu, 8 Juni 1998
Kiungulia. Kifua kimewaka tangu alfajiri. Nimetafuna vidonge viwili vyeupe vya zahanati, moto ukazima. Bahati gani hii! Ukipona upesi, nani atakuja kukujulia hali? Tangu mafuriko yanitoe kijijini kwetu Ngao, miezi saba hapa Garsen, mlango wangu haujui mgeni ila mbuzi. Jirani Barnabas naye anaungua tumbo. Kwake wamejaa! Wapokomo wenzangu na ndizi zao, hata Mumina, mama wa Kiorma anayetuuzia maziwa. Vicheko tu. Mgonjwa gani anacheka hivyo? Nimeona wivu, nakiri.

Jumanne, 9 Juni
Vidonge basi. Nimekula wali na pilipili, nikabugia chai ya rangi vikombe vitatu. Kifua moto! Nikajilaza barazani, nikapiga kite njia nzima isikie. Mumina akasimama, akaniuliza Mzee Jotham una nini. Nikamwambia nakufa. Akasema pole sana, ngoja awahi kwa Barnabas maziwa yasiharibike. Loh!

Alhamisi, 11 Juni
Dawa ni moja: Barnabas apone. Nimempelekea mkebe wangu wote wa vidonge, nikamwagiza atafune kila baada ya kula na akienda kulala. Akanishika mkono, machozi yakamlenga. Hajui. Kusipokuwa na mgonjwa kule, wageni watahamia kwangu. Mimi si mjinga.

Jumamosi, 13 Juni
Kapona! Wageni wameongezeka maradufu, wanampongeza. Mumina kaleta kibuyu kizima. Mimi naungua kikweli, kidonge sina, zahanati imefungwa mpaka Jumatatu. Nimelia kidogo. Si kwa sababu ya tumbo.

Jumapili, 14 Juni
Barnabas kaja mwenyewe, na vidonge vilivyobaki. Alikaa nami asubuhi nzima, tukazungumza habari za mashamba yaliyozama. Sikumbuki lini nimeongea hivyo. Akasema mkewe, Kache, ataniwekea sahani kila jioni; niende tu, wageni wao ni wageni wangu. Nusura nikubali! Lakini mgonjwa akionekana anatembea, nani atamwamini? Nikamshukuru, nikamwambia siwezi kutoka. Alipoondoka nikavitupa vidonge chooni.

Wanakula sasa kwa Barnabas, nawasikia. Nimetandika mikeka miwili na kuazima vikombe sita. Kesho watajaa hapa.