Jinsi Televisheni ya Mzee Fanueli Ilivyogeuzwa Shingo

Enyi watu wa Mpemba, na nyinyi wa Isansa mlioteremka na magunia ya kahawa, nanyi madereva mnaolala foleni mkiungoja mpaka wa Tunduma ufunguliwe, tueni mizigo, zimeni injini, tegeni masikio. Wengine na wasimulie vita vya majemadari na kuanguka kwa miji. Hapa inasimuliwa habari iliyo kubwa kuliko hizo: namna Erica binti Amoni, mke wa Gwakisa dereva wa malori, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi, tamaduni na vyombo vya habari vya Asia, alivyoipigania dakika moja ya picha, akaipata, pasipo kumwaga damu wala mchuzi.

Ilikuwa miaka ile ambayo tamthilia za Kikorea zilivuka bahari, zikatiwa sauti za Kiswahili, zikateka sebule za Tunduma moja baada ya nyingine. Erica alikuwa amerudi kutoka chuoni Dar es Salaam ili aandike tasnifu juu ya jinsi familia za mpakani zinavyozitazama. Mlima aliojichagulia kuupanda ulikuwa mrefu. Haukuwa mrefu, hata hivyo, kama ukuta wa jikoni kwa mumewe.

Maana sebule ya nyumba ile ilikuwa ngome, na katikati ya ngome aliketi baba mkwe, Mzee Fanueli, Simba wa Ileje, Mshika Rimoti, ambaye rimoti yake ilivikwa mfuko wa nailoni na kukazwa kwa mipira isije ikaguswa na vumbi wala na mwanadamu. Na desturi ya Wandali wenzake, aliyoshuka nayo kutoka milimani, ilisema mkamwana na baba mkwe wasikae chumba kimoja, wasitazamane usoni, wasisemezane mdomo kwa mdomo. Huyu akitokea huku, yule apite kule. Ikibidi kusema, basi kila mmoja amwambie paka, au sufuria, au ukuta, na mwenzake asikie.

Kwa hiyo mtaalamu huyu wa picha za Asia aliifuata tamthilia yote akiwa jikoni, nyuma ya pazia, akimenya viazi. Aliisikiliza. Alimjua shujaa kwa kikohozi chake na msaliti kwa jinsi alivyofunga mlango. Akaandika juu yake sura nzima, na ilikuwa sura nzuri, mpaka ilipofika mbele ya msimamizi wake, Dokta Fauzia, mwanamke ambaye kalamu yake nyekundu ilikwisha kuwaangusha wanaume wenye ndevu.

"Erica," alisema Dokta kwenye simu, "ile dakika ya mwisho haina neno hata moja. Ni muziki tu. Mama mkwe na mkamwana wake wako mezani. Wanafanya nini?"

Erica alikohoa. "Ni dakika yenye utulivu, Dokta."

"Utulivu hata kipofu anausikia. Mimi nakuuliza umeona nini. Jumatatu nataka jibu. Bila jibu sura haipiti, na bila sura jina lako halimo katika wahitimu wa mwaka huu."

Hapo ndipo shujaa wetu alipotoka kutafuta mashahidi, kama wafalme wa kale walivyowatafuta watabiri. Alikwenda kwanza kwa jirani, Zuleha, muuza vitenge, ambaye televisheni yake ilikuwa imeungua usiku uleule wa mwisho wa tamthilia, umeme ulipozidi nguvu.

"Alimzaba kofi, shoga," alisema Zuleha. "Wallahi, kofi la kusikika mpaka Nakonde, kule Zambia."

"Lakini mimi nilikuwa nasikiliza. Sikusikia kofi."

"Basi alikusudia. Mkono ulishanyanyuka, ndipo televisheni yangu ikatoa moshi."

Akarudi kwa mama mkwe wake, Mama Tulinagwe, aliyekuwa akipepeta mchele uani. Huyu aliapa kwamba bibi yule wa Kikorea alimsamehe mkamwana na kumkumbatia, kama ambavyo Mkristo yeyote angefanya. Alipobanwa zaidi alikiri kwamba wakati huo alikuwa amefumba macho akiwaombea.

"Mama, Jumapili wanairudia," Erica alisihi. "Mwambie baba atoke nje kidogo tu, aangalie hata ng'ombe."

Mama Tulinagwe aliweka ungo chini. "Mwanangu, mimi nimezeeka na mzee huyu, na sijawahi kumwondoa kwenye kile kiti. Mwenge wa Uhuru umepita hapo barabarani, hatua chache tu kutoka mlangoni, yeye aliutazama kwenye televisheni. Na hizo tamthilia anasema hazipendi. Anasema anangoja taarifa ya habari."

"Marudio ni mchana. Taarifa ya habari ni saa mbili usiku."

"Ndiyo. Anawahi nafasi."

Jumapili ikapambazuka. Baada ya ibada na chakula, Mama Tulinagwe akaenda kwaya, moto ukazimwa, na Erica akabaki peke yake na hatima yake. Ndipo akajifunga silaha. Alitwaa mwiko wa ugali, mrefu na mzito, uliokwisha kusonga sufuria za misiba mikubwa. Alitwaa kioo cha pembeni cha lori, masalia ya safari moja ya Gwakisa ya Lusaka, akakifunga kwenye ncha ya mwiko kwa mpira wa baiskeli. Kisha, akisikia tamthilia inakaribia mwisho wake, shujaa akapiga goti nyuma ya pazia, kama askari aliye handakini, na polepole akaupenyeza mkuki wake ndani ya ngome.

Kioo kikayumba. Kikaonyesha dari. Kikaonyesha kalenda ya kanisa. Kikaonyesha ubavu wa televisheni na kitambaa chake cha kufuma, lakini uso wa televisheni hakikuuona, kwa kuwa ulielekea kwenye kiti. Erica akakizungusha zaidi, na vioo vya lori havina adabu, huonyesha hata yale uliyopaswa kuyapita bila kuyaona. Ndani yake, kidogo kama punje lakini wazi, alimwona Simba wa Ileje akilia. Machozi yalitiririka mpaka kwenye masharubu, na mzee alikuwa akiyafuta kwa pindo la kitambaa cha kiti chake.

Na mzee akainua macho, akaliona jicho la mkamwana wake ndani ya kioo.

Nani atalisimulia tukio lile? Wawili walikuwa wamevunja walichokatazwa kwa mpigo mmoja. Erica aliiona tasnifu ikienda, na ndoa ikiifuata nyuma. Wakati huohuo tamthilia ikasimama, yakaingia matangazo ya sabuni, na watu wenye furaha wakaanza kufua.

Paka alikuwa amelala chini ya meza. Mzee Fanueli alijisafisha koo na kumgeukia.

"Paka," alisema, kwa sauti ya mtu anayehutubia baraza, "kama jikoni kuna mtu aliyeona jambo, mwambie ule ni moshi. Moshi wa jikoni unaingia sana humu ndani."

Erica alitazama mafiga. Jivu lilikuwa limepoa tangu adhuhuri. Akaigeukia sufuria.

"Sufuria," alisema, "ni kweli kabisa. Kuni za leo zilikuwa mbichi. Tunaomba radhi kwa moshi."

"Paka, na huo mwiko unatafuta nini sebuleni kwangu?"

"Sufuria, mwiko una mtihani Jumatatu. Unatakiwa useme yule mama alifanya nini mezani, na haujui, maana haujawahi kuona."

Mzee alizitazama nguo za tangazo zikitakata. Alikuwa amemlipia ng'ombe mkamwana huyu. Alikuwa amejisifia kanisani kwamba anasoma mambo ya mpaka China. Na muda wote huo msomi wake alikuwa anasoma ubavu wa televisheni.

"Televisheni," alisema hatimaye, akiinuka kwa kishindo cha magoti, "umekaa vibaya. Jua la dirishani linakupiga usoni. Mtu mzima hawezi kuona taarifa ya habari hivi."

Nje kulikuwa na mawingu mazito, na dirisha lilikuwa na pazia. Lakini mzee, ambaye kwa mwenge wa taifa hakusimama, alisimama. Akaishika televisheni mbavu zote mbili, akaigeuza kuelekea jikoni, upana wa kiganja. Akarudi kitini na kupinda shingo.

Matangazo yakaisha. Kupitia ufa wa pazia, Erica aliona.

Hapakuwa na kofi. Hapakuwa na kukumbatiana. Bibi wa Kikorea, pasipo kumtazama mkamwana wake hata kwa pembe ya jicho, alichukua kijiko akakisogeza karibu na bakuli la binti yule. Basi. Muziki ukafa.

Mkuki ulishushwa. Jikoni mtu alipenga kamasi, na sebuleni mtu alipenga kamasi, na wote wawili wakaulaumu moshi.

Jumatatu Erica aliieleza picha ile kwa simu, na jinsi watu wawili wasioruhusiwa kutazamana wanavyoweza kusema yote kwa kusogeza kitu kimoja mezani.

"Kijiko kinatosha," alisema Dokta Fauzia. "Sura imepita."

Basi hakuna jengo la kumbukumbu lililojengwa Mpemba, wala bendera haikupandishwa. Lakini ingieni katika nyumba ile hata sasa, mtaikuta televisheni imepinda shingo, msoma habari akiwahutubia watu wa jikoni, na Mzee Fanueli akimtazama kwa upande, akiwaambia wageni wote kwamba mwanga ni mzuri hivyo. Vita vingine vimegeuza mipaka, na mipaka imerudishwa. Televisheni ya Mzee Fanueli haijarudishwa.