Valvu Nane na Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Injini imeanza kugonga. Tik tik tik, kama mtu anayepiga chapa. Shemeji, mdogo wake mke wangu, ni fundi mwenye gereji yake. Kasikiliza dakika moja, kasema valvu zinataka kurekebishwa, nimpelekee gari kesho injini ikiwa baridi. Nimekubali kwa mdomo tu. Alhamisi nampeleka mama mkwe, mgeni wetu wiki hii, hospitali ya macho. Miaka sita ya ndoa, na kila akiwa na shida anampigia simu shemeji. Safari hii atajua mkwe anaye.

Jumanne, 7 Mei
Kazini nimesema naumwa tumbo. Nimezunguka mtaa mzima nikisikiliza mlio, nikarudi, nikafungua kifuniko cha juu cha injini papo hapo. Vidole viwili vimeungua. Valvu nane, kila moja na skrubu yake na kijinafasi chembamba kama ukucha. Nikatafakari. Kelele inatoka kwenye nafasi. Ondoa nafasi, umeondoa kelele. Nimekaza zote nane mpaka mwisho. Sijui kwa nini watu wanasomea kazi hii miaka mitatu.

Jumatano, 8 Mei
Kimya kabisa. Kweli, inachelewa kuwaka, na ikiwaka inatetemeka, lakini kwa adabu. Nimempigia shemeji kwamba asihangaike, imepona yenyewe. Kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nadhani ni wivu.

Alhamisi, 9 Mei
Kwenye kilima cha kwenda hospitali, mkokoteni wa maji ulitupita. Mama aliuliza kwa upole kama nimepunguza mwendo ili nisalimiane na watu. Katikati ya kilima gari likazima. Nikalaumu petroli.
"Baba, nishuke nisukume?"
Nikazungusha ufunguo tena, bure. Mama akampigia simu shemeji, naye akaja na ovaroli yake, akafungua kifuniko, akajaribu skrubu moja.
"Shemeji, nani amezigusa hizi?"
Nikasema labda ni joto. Mama, ambaye macho yake ndiyo yaliyotutoa nyumbani, akasema Jumanne aliniona vizuri sana kutoka dirishani, nimeinama humo na oili mpaka kwenye nyusi. Wakaondoka kwa gari la shemeji. Nimekaa pembeni ya barabara kwa saa mbili, najiona mdogo kama nati.

Ijumaa, 10 Mei
Shemeji amezirekebisha. Kanieleza bila kunicheka: chuma kikipata moto hutanuka, na ile nafasi ndiyo inayoiwezesha valvu kufunga. Ukiimaliza, valvu inabaki wazi na nguvu inavuja. Mama kanishika mkono, kasema angalau nilijaribu.

Jumamosi, 11 Mei
Jirani wa chini, mwalimu mkuu mstaafu, amenisimamisha getini. Kasikia gari langu linavyotulia, anauliza fundi wangu ni nani. Nimemwambia ni mimi. Lake nalo linagonga, na Jumatatu anampeleka binti yake uwanja wa ndege. Nitalifungua kesho. Lina valvu kumi na sita, lakini sina wasiwasi, kosa langu nimeshalijua. Zake nitazilegeza zote.