Sigongi Ng'o!

Jumatatu, 3 Machi

Leo ninaanza mwezi wa pili wa jujitsu ya Kibrazili, na bado sijagonga hata mara moja. Rekodi safi! Maelezo kwa atakayesoma shajara hii nikishakuwa maarufu: katika mchezo huu mtu akikupiga kabali, au akaukunja mkono wako mpaka kiwiko kikaanza kulalamika, unampigapiga kwa kiganja mara mbili, naye anakuachia papo hapo. Huko ndiko kugonga. Wenzangu wote wanagonga bila haya. Kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na cherehani yangu na ambaye tulijiunga siku moja, anagonga kama anayebisha hodi kwa mama mkwe. Mimi sigongi ng'o.

Nina njia zangu. Nikibanwa, msuli wa paja unanikaza ghafla. Au nasikia simu yangu ikiita ndani ya mkoba. Leo nilipofinywa shingo niliuliza, kwa sauti nyembamba iliyobaki, nani ameacha bomba la maji wazi. Tani Moja, mwokaji mikate aliyekuwa amenikalia kifuani, aliinuka akaenda kulifunga. Mtu mwema. Mzito, lakini mwema.

Sababu ya kujitoa mhanga hivi naiandika mara moja tu. Mwezi jana tukiwa mezani, binti yangu wa miaka kumi na sita, ambaye tayari ana tepe nne za kupanda daraja kwenye mkanda wake mweupe wa jujitsu, alihesabu mambo niliyoyaanza nikayaacha. Gitaa, wiki tatu. Kuogelea, mpaka maji yaliponifika kifuani. Nyuki, siku mbili. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba Baba huwa anaanza vizuri. Mke wangu akaangalia sahani yake. Iliniuma kuliko kabali yoyote. Nikaapa mbele yao kwamba jujitsu siachi, na kwamba Mwalimu atakapogawa tepe tarehe kumi na nne, mkanda wangu hautabaki mtupu. Mpaka kieleweke!

Jumatano, 5 Machi

Nimegundua siri ya Kinyozi. Kila akitaka kuniangusha, anashika mikono ya koti langu. Sasa, mshona nguo wa miaka ishirini kazini ashindwe na mikono ya koti? Thubutu! Jana nilikaa na koti la mazoezi saa nzima. Nikaibana mikono mpaka pasibaki pa kushika, nikaivisha na satini ya utelezi iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi fulani. Kazi safi sana. Hata ukucha haupati pa kushika.

Tatizo dogo: mikono haikukunjika. Niliingia ukumbini nimeinyoosha mbele kama ninayesukuma mkokoteni. Tani Moja ndiye aliyenifunga mkanda. Kinyozi hakuhangaika kushika kitu, alinisukuma begani kwa kidole kimoja. Nikalala chali, na nikabaki hivyo, maana kuinuka kunahitaji viwiko.

Mwalimu alikuja na mkasi mdogo. Ni mwanamke mfupi, mpole, mdogo kwangu kwa miaka kumi, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Alinikatia mshono taratibu, akaniambia mkono wa koti lazima uingize vidole vinne. Kisha akasema, lakini mshono wenyewe ni mzuri mno, Fundi. Amenisifia mbele ya watu! Kinyozi alinuna, nilimwona.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Mwalimu ana daftari. Kila tukipambana anakaa kwenye benchi, anatutazama, anachora vijistari mbele ya majina yetu. Leo alipoinuka kumrekebisha mtu, nilijifanya nakunywa maji nikapiga jicho. Tani Moja, vijistari kumi na moja. Kinyozi, kumi na vinne. Mimi, hata kimoja! Ni wazi anahesabu makosa. Katika ukumbi mzima mimi ndiye msafi peke yangu. Tepe yangu ipo njiani.

Kwa ajili ya uchunguzi huo nilikosa somo la leo, la kujinasua mtu akikukalia kifuani. Unaunasa mkono wake mmoja na mguu wa upande huohuo, unainua kiuno, mnabingirika, wewe unakuwa juu. Mwalimu aliniona nimepotea akarudi kunionyesha. Nikakosea. Akarudia. Nikakosea kwa namna nyingine. Akarudia tena, akanisogezea mguu kwa mkono wake mwenyewe, bila kuguna wala kuangalia saa. Wapo walimu wanaofundisha ili waonekane wanajua. Huyu anafundisha mpaka ujue wewe. Inachosha.

Nyumbani nilitangaza kwamba naongoza darasa. Mke wangu akauliza kama Mwalimu ndiye aliyesema. Nikajibu kuna mambo mtu msomi hasubiri kuambiwa.

Jumapili, 9 Machi

Mazoezi ya siri dukani, na lile sanamu la kupimia nguo. Nililala chini, nikalikalisha kifuani, nikainua kiuno. Likaniangukia usoni. Nikapiga moyo konde, nikalipiga kabali kwa nguvu zangu zote. Shingo ikang'oka. Lakini halikugonga! Nimelipa heshima yake.

Mteja mmoja, mama mtu mzima aliyekuja kuchukua sketi, alinikuta sakafuni nimelikumbatia na miguu yote. Nilimweleza kwamba ni njia mpya ya kupima kiuno. Alisema sketi yake atakuja kuichukua mke wangu akiwepo.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelala kidogo mazoezini. Wengine wanasema nilizimia. Maneno makubwa hayo.

Ilikuwa hivi. Kinyozi alinipata shingoni kwa nyuma. Kabali ya kweli, ya kitabuni. Alianza kuninong'oneza nigonge, Fundi, gonga basi. Nikataka kuuliza habari za bomba, sauti haikutoka. Nikawaza vijistari. Nikawaza mezani kwangu. Nikajisemea potelea mbali, sigongi. Kisha nikaona nyota, tena za rangi. Nilipofumbua macho miguu yangu ilikuwa juu, Mwalimu ameishika, na Kinyozi amepauka kuliko mimi. Ameniomba radhi mara sita. Mpaka nikamwonea huruma, mshenzi yule.

Mwalimu alisubiri wenzangu watawanyike, akakaa karibu yangu kwenye mkeka. Akaniuliza kwa nini sikugonga. Nikasema nilikuwa napima uwezo wangu. Akatikisa kichwa. Akasema yeye ana miaka kumi na tano katika mchezo huu na leo asubuhi amegonga mara nne. Sikujua niangalie wapi. Siri nzito hiyo! Nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu. Akasema basi kuanzia Jumatano nitapambana na binti yangu tu, kwa kuwa katika ukumbi mzima hakuna anayejua kuachia mapema kama yeye.

Na binti yangu! Mtoto niliyembeba mgongoni. Hapo tepe imeshaingia mfukoni.

Jumatano, 12 Machi

Sina hamu ya kuandika, lakini naandika.

Tulianza vizuri, tunacheka. Nikamsukuma, akateleza pembeni, na kabla sijajua kulikoni mkono wangu wa kulia ulikuwa katikati ya miguu yake, umenyooka, kiwiko kikielekea kusikostahili. Akavuta kidogo. Akasubiri. Akavuta kidogo tena. Akaniambia Baba, gonga. Nikakaza meno. Akasema Baba, tafadhali. Nikamwuliza kama mama yake alikuwa amesema tupitie sokoni. Kiwiko kikalia kwaa.

Aliniachia mwenyewe, akasimama. Nilidhani amekasirika. Hapana, machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alisema, mbele ya kila mtu, kwamba nikikataa kugonga atakayenivunja mkono ni yeye. Nitapona, lakini yeye atabaki siku zote ni mtoto aliyemvunja baba yake mkono. Akasema hataki. Akatoka kwenye mkeka, akavaa viatu bila kufunga kamba.

Njiani alitembea hatua kumi mbele yangu. Nikiongeza mwendo, naye anaongeza. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake kwamba anahamia darasa la Jumamosi, pasipo na mimi. Mchezo anaoupenda kuliko vyote, na amekuwa wa kunikimbia mimi.

Mke wangu hakugomba. Alinifungia barafu kwenye kitambaa, akaniwekea kiwikoni. Akasema nyuki nilipowaacha hawakulia. Huyu amelia. Kisha akaenda kulala.

Naona aibu. Nimejaribu kuiandika kwa namna nyingine, haikubali.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya tepe. Niliwahi kufika kuliko wote, nikamwomba Mwalimu anipange na binti yangu. Binti akakataa. Mwalimu akamwambia raundi moja tu, dakika tano, na akitaka kuacha katikati aache. Akakubali bila kuniangalia.

Alinishika kama anayeshika yai. Alinikwepa sana, mpaka mimi mwenyewe nikampa mkono. Akaukunja. Kiwiko cha juzi kikakumbuka. Kiganja changu cha kushoto kikainuka, kikagoma, kikabaki hewani kama cha mwanafunzi asiyejua jibu. Nikamwangalia usoni. Alikuwa ameshafumba macho.

Nikagonga. Mara mbili, begani kwake. Pa, pa.

Aliachia palepale. Akafumbua macho, akaniangalia, akaangua kicheko, na mimi nikacheka. Haikuuma! Sikufa! Tukaanza upya. Akanipata shingoni, nikagonga. Akanipata mkono mwingine, nikagonga. Mara saba kwa dakika tano. Na katikati humo alinikalia kifuani, nikaunasa mkono na mguu, nikainua kiuno, tukabingirika, nikawa juu! Mimi! Juu! Mwalimu alipiga makofi mara moja. Halafu binti akanifunga mkono, nikagonga tena.

Tepe zikagawiwa. Kinyozi akapata. Tani Moja akapata. Mwalimu akafunga kopo la tepe, nikatazama vidole vyangu vya miguu. Halafu akalifungua tena, akaniita. Alisema mbele ya wote kwamba tepe hii si ya kumshinda mtu. Ni kwa sababu kuanzia leo anaweza kunipanga na yeyote bila roho kuwa juu. Akaibandika kwenye mkanda wangu, na binti yangu akaikandamiza kwa dole gumba ishike vizuri. Macho yangu yalitoa jasho jingi sana.

Baadaye nilimwuliza Mwalimu habari za vile vijistari. Akanionyesha daftari bila wasiwasi. Si makosa! Anahesabu kugonga. Akasema mwanafunzi asiyegonga hajaribu kitu, na huwa anamwogopea. Mbele ya jina langu, kwa mara ya kwanza, vilikuwapo saba.

Habari ya binti kuhamia darasa la Jumamosi imefutwa. Tulirudi nyumbani sambamba, tumebebeana mikoba.

Jumatatu, 17 Machi

Wikendi nzima nimepiga hesabu, na sasa mchezo huu nimeuelewa. Kumbe wiki zote hizi niliushika kinyume! Kinachohesabiwa ni kugonga. Kinyozi ana vijistari kumi na tisa, ndiyo maana alitangulia kuitwa. Mimi nina saba. Mkanda wa bluu, unaofuata mweupe, ni suala la bidii tu.

Leo nimegonga mara arobaini na moja. Tani Moja nilimgonga kabla hajanishika. Nilimgonga tena akifunga mkanda. Kinyozi nilimgonga mara tatu wakati wa kusalimiana, akabaki mdomo wazi. Kwenye kunywa maji niliona watu wamekaa bure, nikapita benchi zima, nikavuna tisa. Raundi ya mwisho niliigonga yote, mfululizo, kwa mikono miwili, nimelala peke yangu. Mwenzangu alikuwa amesimama pembeni.

Mwalimu hakuandika kitu. Alinitazama tu, kalamu imesimama. Nadhani wino ulimwishia. Jumatano nitampelekea kalamu mbili na daftari kubwa.

Chakulani nimewaeleza mpango wote, mpaka mkanda mweusi. Mke wangu alimwuliza binti kama kuna dalili zozote kwamba nitaacha. Binti akajibu hapana, safari hii Baba haachi. Alisema hivyo ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mtoto amezidiwa na furaha.