Bendera ya Mtaa na Usingizi wa Mchana

Jumanne, 16 Julai
Klabu ya mtaa imetangaza shindano la kuujua mji wetu, Santiago del Estero. Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Mshindi ndiye atakayebeba bendera ya mtaa Jumapili, kwenye maandamano ya ngoma. Naitaka bendera ile mpaka naiota. Miaka sita mfululizo kaibeba jirani yangu, Bi Delfina, mstaafu wa posta. Leo kaniuliza, akichungulia juu ya ua wetu, kama nimeshatafuta leso ya kulilia. Ana mdomo yule.

Jumatano, 17 Julai
Nimesoma. Mji ulianzishwa 1553. Argentina nzima hakuna mkongwe kuushinda. Kabla ya kutulia ulihamishwahamishwa, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Humu ndimo walimotoka waanzilishi wa miji ya Tucumán, Salta na Jujuy. Nikajiona msomi. Kisha nikamsikia Bi Delfina akichoma mkate huku akitaja tarehe zote, na jina la askofu wa kwanza juu yake. Kwa elimu simuwezi. Itabidi akili.

Alhamisi, 18 Julai
Nimeipata! Bi Delfina hulala saa saba mchana hadi saa kumi na moja. Hata paa liezuliwe, haamki. Nimempelekea Mzee Rosendo, katibu wa klabu, mikate miwili ya moto ya chipaco, nikamwomba shindano liwe saa tisa mchana, maana baridi ya jioni inawaumiza wazee. Alinitazama kama nimemwambia tumzike mtu hai. Saa tisa nani yuko macho, akauliza. Alipomaliza chipaco ya pili akakubali.

Ijumaa, 19 Julai
Tangazo limebandikwa. Bi Delfina kalisoma, kaenda zake. Nimefurahi sana. Nimepiga pasi shati la kubebea bendera.

Jumamosi, 20 Julai
Dada kaniletea locro, mchuzi mzito wa mahindi na nyama, nikala sahani tatu. Saa saba na nusu nikajilaza dakika tano tu, viatu mguuni ili nisinogewe. Nikaamka saa kumi na moja na robo.

Nilikimbia. Mlangoni pa klabu nikamkuta Bi Delfina na mto wake wa kulalia kwapani. Kumbe alikuja saa saba, akalala kwenye benchi la ukumbini. Mzee Rosendo na waamuzi nao walilala pale pale, vitini. Walipoamka saa kumi na moja, mshindani alikuwa mmoja tu, wakampa ushindi. Bi Delfina akaniambia polepole: “Anselmo mwanangu, usingizi hauhamishwi. Kinachohamishwa ni kitanda.”

Jumapili, 21 Julai
Yeye bendera, mimi birika lake la chai, nyuma yake, njia nzima. Ngoma zilinguruma mpaka kifuani. Siku nzuri, siwezi kukataa.

Njiani nimemnong'oneza Mzee Rosendo kuhusu mwakani: shindano liwe saa kumi alfajiri. Saa hiyo Bi Delfina haamki hata kwa dawa. Mimi mwenyewe sijawahi kuiona, lakini nasikia ipo.