Komandoo Apeleka Vyeti

Jumatatu, 2 Oktoba 2023

Leo nimeanza rasmi kudai haki yangu. Upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi kama umetumwa. Nimevaa koti la suti. Mtu wa cheo haendi ofisini na sweta.

Mambo yenyewe ni haya, yaandikwe wajukuu wayajue. Ghala la mahindi nililokuwa naliongoza limefungwa tangu Agosti. Tajiri kahamishia biashara Tunduma. (Rozina, mke wangu, anasema sikuongoza kitu, nilikuwa nafungua geti. Geti ndilo ghala! Bila geti ni mahindi tu yamekaa uwanjani.) Tumeachishwa wawili, mimi na mlinzi mwenzangu Zenon. Sasa kwenye ule mfuko wa hifadhi ya jamii tuliokuwa tunakatwa kila mwezi kuna fao la mtu aliyepoteza ajira. Unapeleka kitambulisho cha taifa, barua ya kuachishwa, fomu, picha mbili. Unalipwa. Zenon alipeleka wiki iliyopita, akapita siku hiyo hiyo. Zenon! Mtu ambaye akisema maneno kumi kwa siku anaumwa koo.

Kama Zenon ni siku moja, mimi Komandoo ni saa moja.

Rozina anasema mvua ni mwezi ujao na mbolea ndani hakuna hata ya kujaza kiganja. Bila mbolea hapandi mahindi ya kutazamana nayo. Atakwenda kulima kwa kaka yake kule Msanzi, na mimi nibaki nilinde mlango wa jiko. Nimemwambia mbolea aihesabu imo ndani. Akainama kuchungulia chini ya kitanda. Dharau hizi!

Jumanne, 3 Oktoba

Vita vimeanza.

Dirishani, ofisi ya mfuko, yupo binti anaitwa Silvana. Mpole, kucha ndefu, macho ya hakimu. Kanipa fomu. Penye kazi ya sasa nikaandika: Mshauri wa Ulinzi. Akauliza nalipwa na nani. Nikamwambia ushauri wangu hauna bei. Akanipa fomu nyingine, akasema mzee wangu, andika tu huna kazi. Kalamu ikagoma. Nikaandika: Nimepumzika. Akanipa ya tatu. Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa. Basi nikaandika "sina kazi", kwa mkono wa kushoto, ili usiwe mwandiko wangu.

Nikadhani tumemaliza. Akalaza kitambulisho changu juu ya ile barua ya kuachishwa ya mwajiri. Kitambulisho: nimezaliwa 1974. Mwajiri: nimezaliwa 1958. Akauliza kwa upole ni yupi kati ya hao wawili aliyeachishwa kazi.

Hapa lazima nieleze, na daftari hili ni la siri. Siku ya kuajiriwa tajiri alisema anataka mlinzi mwenye uzoefu. Nikamwambia nimepigana vita vya Kagera. Nikakunja suruali, nikamwonyesha kovu la pajani. Akasisimka! Mwaka 1958 ulijileta wenyewe, kwa sababu askari wa Kagera lazima awe na umri wa kushika bunduki. Kweli kabisa, mwaka ule wa vita nilikuwa na miaka minne. Lakini mkubwa kwa umbo.

Silvana kasema wa 1958 ana miaka sitini na mitano, huyo ni mstaafu, fao hili si lake. Kama ni wa 1974, nilete cheti cha ubatizo na barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha umri. Halafu kabla ya malipo nitapigiwa simu kuulizwa kama bado sina kazi. Aliyepata kazi hapati fao.

Nikamwambia apige tu. Simu yangu haijawahi kumwogopa mtu.

Jumatano, 4 Oktoba

Parokiani. Katekista kafungua daftari kubwa la ubatizo, kapuliza vumbi, kaninusisha historia. Nimo! Adriano Kapele, 1974, kwa wino wa padri mwenyewe. Katekista kasoma kwa sauti, kisha kanitazama, kisha kasoma tena. Nikamwomba asome kimoyomoyo.

Cheti mkononi kabla ya saa sita. Adui wa kwanza chini. Nimenunua andazi la ushindi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mwenyekiti wetu ni Leonardi, mtu wa miaka sitini kamili. Nimefika, kasimama kama kawaida yake, kainamisha kichwa, kasema shikamoo Komandoo. Nikajibu marahaba. Nimekuwa nikiijibu hivyo miaka kumi na miwili, tangu nihamie mtaa huu na kovu langu.

Nikamwambia nataka barua, aandike nimezaliwa 1974.

Akacheka sana. Akangoja na mimi nicheke. Nikatoa cheti cha ubatizo. Akavaa miwani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Nikaona midomo inatembea. Alikuwa anapiga hesabu, na haikuwa hesabu ya vita.

Akasema, taratibu sana, kwamba basi mimi ni mdogo wake kwa miaka kumi na moja. Kwamba asubuhi na jioni, kiangazi na masika, na hata siku ya msiba wa mama yake mzazi, amekuwa akimwamkia mtoto. Na mtoto anaitikia!

Nikajaribu kusema heshima haina umri. Akasema barua haitoki. Muhuri wake hauwezi kumzaa mtu mara mbili. Nikiitaka, Jumapili kuna mkutano wa mtaa. Nisimame mbele ya wote niliowapigia hadithi, niseme nimezaliwa lini, nilete na shahidi aliyenijua utotoni. Halafu nirudishe shikamoo zake.

Zote? Zote.

Ijumaa, 6 Oktoba

Mpango mpya, wa kikomandoo. Ukitaka kumwingia mwenyekiti, pitia jikoni. Nimekwenda sokoni, nikanunua samaki wazuri wa kutoka Muze, nikampelekea mkewe. Mama huyu siku zote huniita baba. Leo kapokea samaki kwa mikono miwili, kasema: "Asante, mwanangu."

Mwanangu! Habari imeshafika mpaka kwenye sufuria. Na samaki hakurudisha.

Jioni nikamfuata Zenon. Ndiye shahidi pekee niliye naye hapa mjini. Tulikaa dawati moja kule Kaoze mpaka darasa la nne, mahali ambapo masomo yalishindwa na mimi. Zenon amejua siku zote. Miaka yote ile getini nikisimulia nilivyovuka mto huku risasi zinalamba kofia, yeye alikuwa anachochea moto na kunyamaza. Nilidhani ananiamini! Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema zile hadithi zilikuwa zinapunguza baridi.

Kakubali kuja. Hajaomba kitu. Watu wasioomba kitu wana hatari sana.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimesimama. Niliandaa hotuba, ilikuwa na utangulizi. Leonardi akasema mwaka tu.

Nikasema: elfu moja mia tisa sabini na nne.

Mtu wa nyuma akauliza kwa hiyo Kagera nilibebwa mgongoni? Mwingine akauliza kombati ilikuwa na nepi? Mtaa mzima ukaanguka. Nikawaachia wacheke, jemadari huwapa askari muda wa kupumzika. Lakini wakadai kovu. Nikasema kovu ni siri ya jeshi. Wakamgeukia Zenon.

Zenon akasimama, akavua kofia. Akasema mwaka wa vita sisi tulikuwa tunacheza zizini kwa babu yake, Kaoze. Kovu lile ni la beberu. Akakaa. Maneno ya mwaka mzima ameyatumia siku moja, na yote juu ya paja langu!

Halafu Leonardi akavuta kiti mbele, akakaa, akakunja nne. Nikasema shikamoo. Akaivuta "marahaba" kama mtu anayekunywa maji baada ya kupanda mlima. Akaonyesha kidole: tena. Nilipofika ya kumi akasema zilizobaki nitalipa kidogo kidogo, kila asubuhi, kibarazani kwake. Nikageuka nikae, kumbe kuna foleni! Mama Margareth wa duka la chumvi, miaka hamsini na moja. Fundi baiskeli, hamsini na mitatu. Na mtu mmoja ambaye nina hakika ni wa mtaa wa pili, amepita tu njia. Nimeamkia mpaka koo limekauka.

Zenon amenizidi miezi mitatu. Nikamfuata mwenyewe, nimalize moja kwa moja. Akasema yeye hadai.

Hilo ndilo limeniuma.

Lakini barua ninayo, na muhuri juu. Rozina njiani kanishika mkono, kitu ambacho hajafanya tangu harusi ya dada yake. Kasema leo nimekuwa mwanaume. Nikamwambia ajue pia beberu lile halikuwa la kawaida. Lilikuwa na ukubwa wa ndama. Akaniachia mkono.

Jumatatu, 9 Oktoba

Ushindi! Vyeti vyote vimepokelewa, alama za vidole zimekubali, vidole vyangu vina nguvu. Silvana kasema sasa tumeelewana, mimi ni mtu mmoja. Kanikumbusha simu: nitaulizwa tu kama bado sina kazi, nijibu ukweli kwa kifupi.

Kifupi! Nani amewahi kunihitaji kwa kifupi?

Rozina kampigia simu kaka yake wa Msanzi asimngoje. Kamwambia msimu huu tunalima hapa.

Alhamisi, 19 Oktoba

Siku kubwa. Naandika mkono bado una moto.

Jioni nilikuwa kilabuni kwa Mama Angela, pombe ya ulezi imeiva vizuri. Tangu ule mkutano wananiita Beberu. Nimevumilia siku kumi na moja. Leo kaingia Zenon, kalipwa fao lake, kanunua mbolea, imo kwenye baiskeli hapo nje kila mtu aione. Wakampigia makofi! Makofi kwa mtu aliyekaa kimya! Fundi baiskeli akaniuliza, Beberu, na wewe ile yako ya wasio na kazi vipi?

Papo hapo simu ikalia. Ofisi ya mfuko! Mungu ana saa yake. Nikaweka spika, nikaiinua juu wote wasikie.

Dada mwenye sauti ya asali akauliza kama anaongea na Adriano Kapele. Nikasema ndiye. Akauliza kama mpaka leo sijapata kazi yoyote.

Kilabu kizima kikanitazama. Zenon akatikisa kichwa, pole pole, kama mtu anayezuia ng'ombe asiingie shambani. Wivu.

Nikasema dada, mimi sitafuti kazi, kazi ndizo zinanitafuta. Nikasema hapa anaongea na Mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi, yangu mwenyewe, walinzi kumi na wawili, mbwa wanne, tawi linafunguliwa Kaoze. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Septemba. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwuliza kama anamjua Komandoo.

Akanishukuru sana. Akasema ameandika yote.

Yote! Neno kwa neno! Watu hawaandiki maneno ya mtu mdogo. Hakuna kilabuni aliyethubutu kusema Beberu. Zenon aliweka kikombe chini, akaenda nje, akafungua baiskeli, akashusha mfuko mmoja wa mbolea akaniachia mlangoni. Amesalimu amri.

Nimefika nyumbani na mfuko begani. Rozina kafurahi, kauliza kumbe wameshalipa? Nimemwambia huu ni utangulizi tu. Zigo lenyewe linakuja, leo wamenipigia wenyewe, na nimewajibu vizuri.