Gitaa la Kulaza Mezani

Alhamisi, 4 Juni 2015. Louisville, Kentucky

Nimepata wokovu! Jioni nilikuwa na kibarua cha kupanga viti kwenye ukumbi wa mjini. Akapanda jukwaani Mbelgiji mmoja, Joris Vandeputte, mzee mwenye soksi za rangi mbili. Wakamsifu: alianza na bendi za harusi, akaacha melodi, kisha akaacha na mdundo, sasa anaalikwa dunia nzima. Akalaza gitaa mezani kama samaki anayesubiri kuparwa. Akachomeka uma kwenye nyuzi. Akawasha kifeni cha betri, kikazigusa. Grrrr! Watu wamefumba macho kwa heshima. Hakuna aliyemuuliza anapiga kwa ufunguo gani wa muziki!

Mimi huulizwa kanisani kila Jumapili. Tangu kambi ya wakimbizi waimbaji wetu huanzisha wimbo popote sauti inapoangukia, mpiga gitaa autafute ufunguo mbio mbio. Gaspari, mpiga gitaa mwenzangu, huupata kabla ya neno la pili. Mimi najua ufunguo wa G tu. Nyingine nazifikia kwenye "Amina".

Ijumaa, 5 Juni

Mama Kanyana, kiongozi wa kwaya, katangaza: kesho tunaimba Columbus, keshokutwa Buffalo kwenye mkutano mkubwa. Columbus napiga solo mimi. Nikivuruga, Buffalo atapiga Gaspari, nami nitabeba spika. Gaspari akanipa pole mapema. Mnafiki! Nimenunua kifeni.

Jumamosi, 6 Juni. Columbus

Aibu! Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama vizuri kabisa juu ya gitaa. Uma, kifeni, grrrr! Waimbaji wakanyamaza. Nikafumba macho, nikidhani ni heshima. Kumbe Mchungaji Zenoni, mwenyeji wetu, kanisimamia, mkono juu ya gitaa, anamkemea pepo atoke! Kanisa zima limesimama. Betri ikaisha palepale. Kimya. Haleluya! Nikaitikia Amina kuliko wote.

Afadhali pepo kuliko mimi. Kosa likawa lake. Mama Kanyana akasema gitaa lililofunguliwa lazima lisikike Buffalo, mikononi mwa mwenyewe. Gaspari akanuna hadi kwenye gari. Nilicheka moyoni, halafu nikakumbuka: nitapiga nini?

Jumapili, 7 Juni. Buffalo, East Side

Kanisa limejaa. Uma nimenyang'anywa. Agata, mwanzishaji wetu, kaamka na mafua, sauti haipandi. Akaanzisha chini, chini kabisa... G! G, jamani! Nilikaribia kulia. Nikapiga. Kina mama wakatoka na vitambaa, wazee wakaacha viti. Gaspari kashika waya wa spika. Asante Mungu! Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Kentucky.

Jumatatu, 8 Juni. Njiani

Gaspari kajishusha. Kaniuliza, Kaka Adriano, uliupataje ufunguo upesi vile? Nikamwambia ni mambo ya Ulaya. Akasema kama nataka, atanionyesha funguo nyingine, kidogo kidogo, bila mtu kujua. Wivu huo! Nikakataa. Aliyefika hafundishwi njia. Nimemwomba Mama Kanyana nipige peke yangu, bila Gaspari, kwaya ikiimba kwenye harusi ya mpwa wake, wiki ijayo. Amekubali! Mambo yote yananinyookea. Hata Agata ameamka mzima, anaimba juu kabisa.