Feni Hatari ya Sajini

Bwana Muhuri alilisoma tangazo la halmashauri mara tatu. Mara ya kwanza alisoma kama raia mwema, mara ya pili kama mtu asiye na kazi, na mara ya tatu kama mtu aliyekwisha kuajiriwa. Lilikuwa limebandikwa nje ya ofisi ya kata, kati ya ratiba ya maji na picha ya mbuzi aliyepotea, na lilikuwa na habari tatu. Maofisa wangepita nyumba kwa nyumba kukagua usalama: nyaya, majiko, milango. Barabara ya mtaa ingepanuliwa, na greda lingeingia kazini wiki ijayo. Tena dawati la huduma kwa askari wastaafu lilikuwa limefunguliwa, na katika ukaguzi huo wazee hao wangetangulizwa.

"Serikali imenikumbuka," alijisemea, akaenda kutafuta kizibao.

Jina la Muhuri hakupewa na wazazi. Alipewa na mtaa, kwa sababu mtaji wake wote katika maisha ulikuwa muhuri mmoja wa mpira, wa duara, aliounyakua kwenye lundo la vitu vya mnada. Zamani ulikuwa wa chama cha wafuga njiwa, chama ambacho kilikufa kabla ya njiwa wenyewe. Ukiugonga kwa wino mwingi na mkono ukatikisika kidogo, maandishi yanavimba, linabaki duara la bluu lenye heshima zake. Kwa miaka kumi na mmoja Muhuri alikuwa akigonga duara lile kwenye vyeti, vibali na barua za utambulisho, na hakuna mtu aliyewahi kuuliza linasema nini. Hilo lilimfurahisha, na siku nyingine lilimsikitisha, maana angependa angalau mmoja athamini kazi ya mkono wake.

Matunda ya ujanja wote huo yalikuwa haya: mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, analala kwenye kochi la dada yake.

Dada yake alikuwa mshonaji wa mapazia, mwanamke mwenye maneno machache na pini nyingi mdomoni. Alimpa kochi lile la sebuleni alalie wiki mbili. Wiki mbili hizo zilikuwa zimefikisha mwaka na miezi minne. Jumatatu dada alitoa pini mdomoni, jambo ambalo hakulifanya bila sababu.

"Mdogo wangu, nakupa mpaka Alhamisi. Uingize kitu ndani ya nyumba hii. Kimoja tu. Hata stuli."

"Dada, mimi nimeingiza furaha."

"Furaha hiyo haikaliwi. Alhamisi jioni mikono yako ikiwa mitupu, utafute pa kulala."

Na leo ndiyo ilikuwa Alhamisi. Muhuri alikuwa amewahi kuambiwa kila neno baya bila kukosa usingizi, lakini neno hilo lilimnyima usingizi. Kochi lenyewe lilikuwa la ngozi, la kahawia, la watu watatu, na katikati lilikuwa limebonyea kwa umbo lake mwenyewe, kiuno mpaka kisigino. Alikuwa amedanganya watu juu ya kila kitu duniani isipokuwa kochi lile. Akilitaja, alisema kweli tupu, tena kwa majivuno.

Saa nne asubuhi, akiwa na kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa, kofia ngumu ya ujenzi na begi begani, alibisha hodi kwenye nyumba ya Sajini. Huyu alikuwa mzee mstaafu, mjane, mwembamba, aliyenyooka mgongo kama anasubiri kukaguliwa. Sajini alifungua nusu ya mlango.

"Shikamoo, mzee. Mkaguzi wa usalama wa nyumba, kutoka halmashauri."

"Marahaba. Begi lina nini?"

"Vifaa vya kazi."

"Begi haliingii. Jeshini nilikuwa bwana stoo, miaka ishirini na sita. Kwangu mzigo unabaki mlangoni, na mwenye mzigo anasaini." Akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu. "Jina. Cheo. Unakoishi."

Muhuri aliandika jina la uongo bila kufikiri na cheo cha uongo kwa raha. Kwenye makazi alisita, kwa kuwa Sajini alikuwa anaitazama kalamu yake.

"Andika vizuri, kijana. Jeshini tulimjua mtu kwa anakolala. Asiyeweza kueleza kitanda chake, huyo ni mzururaji."

Sasa hapo palikuwa pabaya. Mzururaji ndilo jina aliloitwa na dada yake kila asubuhi, na Muhuri hakuwa tayari kuitwa hivyo na watu wawili kwa wiki moja. Akaandika mtaa wa kweli na namba ya nyumba ya kweli. Kisha, kwa kuwa mdomo wake haukujua kusimama, akaongeza: "Mimi nalala pazuri, mzee. Kochi la ngozi, la watu watatu. Halina hata mchaniko."

"Ngozi ya kweli?"

"Ukiligusa linakugusa."

Sajini aliandika na hilo pia.

Ndani, Muhuri alifanya ukaguzi kwa bidii iliyomshangaza mwenyewe. Aligonga kuta. Alinusa jiko. Alitikisa kichwa mbele ya soketi iliyokuwa haina kosa lolote. Na pale kwenye pembe ya sebule akaiona: feni ya kusimama, ndefu, nyeupe, nzito, yenye vitufe vinne na kitako cha chuma. Kitu. Tena kitu ambacho dada angekipenda, maana cherehani yake ilikuwa chini ya bati na mchana alishona huku jasho likimdondokea kwenye mapazia ya watu.

"Mzee wangu," alisema, akashusha sauti, "hii feni una muda gani nayo?"

"Tangu nilipostaafu."

"Pole sana."

Akamweleza. Wiki ijayo greda litapita hapo nje. Greda likipita, ardhi inatikisika. Ardhi ikitikisika, ukuta unatikisika. Ukuta ukitikisika, nyaya kuukuu ndani ya feni zinaachana, cheche inaruka, na mlango uko mbali na kitanda cha mzee. Halmashauri, kwa kuwajali waliolitumikia taifa, inakusanya vifaa vyote hatari na kuwaletea wastaafu vipya. Bure. Ndani ya siku saba.

Muhuri aliisikiliza sauti yake mwenyewe na nusura aingiwe na hofu ya moto.

"Vipya," Sajini alisema polepole. "Na redio nayo ikiwa hatari?"

"Tutaikagua awamu ya pili."

"Na pasi?"

"Mzee, usiwe na haraka. Huduma ipo."

Aliona macho ya mzee yakiwaka tamaa na moyoni akamhurumia, huruma ile ya mwindaji aliyeshiba. Sajini alikwenda mlangoni, akautoa muhuri kwenye begi, akarudi nao, akamfanya asaini kuupokea. Muhuri akagonga cheti cha kifaa hatari. Duara likatoka bluu, zito, lisilosomeka. Sajini alilitazama kwa muda mrefu.

"Unagonga vibaya," alisema. "Wino mwingi, mkono mlegevu. Rudisha, usaini."

Akarudisha, akasaini. Akaikumbatia feni, akaelekea mlangoni, na mlangoni akakuta mkono wa Sajini umenyooshwa kama kizuizi cha barabarani.

"Kitu hakitoki stoo bila dhamana. Begi linabaki. Kizibao na kofia pia. Ukileta feni mpya, unachukua vyako."

"Mzee, hivyo ni vya ofisi."

"Na feni ni ya nyumba. Chagua."

Muhuri wa mpira ulikuwa maisha yake ya miaka kumi na mmoja. Kwa upande mwingine, kochi lilikuwa usiku wa leo. Alijiambia kwamba muhuri mwingine utapatikana, minada haijaisha, na kwamba mtu mzima hafi kwa ajili ya njiwa. Akavua kizibao. Akavua kofia. Akasaini mara ya nne, akatoka na feni mabegani, anatweta, anatabasamu peke yake kama bwana harusi.

Akili yake ilimrudia njiani, lakini kidogo tu: alitaka kuijaribu feni kabla dada hajaijaribu. Akaingia kwa fundi wa redio na feni, akapanga foleni nyuma ya mama mwenye birika la umeme na mzee mwenye spika mbili. Foleni ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Zamu yake ilipofika, fundi alichomeka waya, akabonyeza vitufe vyote vinne, akasikiliza, akachukua bisibisi.

Alipofungua kichwa cha feni, mota haikuwemo. Mahali pake palikuwa na nusu ya tofali, limevishwa soksi nzuri ya kijeshi ili lisigonge.

Fundi aliweka tofali mezani kwa upole, akakifunga tena kichwa cha feni.

"Umetoa wapi hii?"

"Kwa mzee mmoja. Alikuwa bwana stoo jeshini."

Fundi hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha Muhuri.

"Ulimwachia nini?"

Muhuri hakumaliza kujibu. Alipofika kwenye "na anwani ya nyumbani," alikuwa tayari yuko barabarani, feni begani, anakimbia kwa namna ambayo hakuwa amekimbia hata alipofukuzwa na polisi.

Dada yake alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, anatabasamu. Alionekana mdogo kwa miaka mitano. Sebule ilionekana kubwa. Ilionekana kubwa mno.

"Dada," Muhuri alisema. "Kochi liko wapi?"

"Limechukuliwa na halmashauri."

Muhuri aliiweka feni chini.

"Alikuja mzee mmoja mstaarabu sana," dada akaendelea, "na kizibao, na kofia, na begi la kazi. Akatukagua vizuri. Kumbe lile kochi ni hatari. Greda likipita ukuta unatikisika, kochi linasogea, linaziba mlango, sisi tunaungulia humu. Alikuja na mkokoteni na wanaume wawili. Siku saba, naletewa jipya la kona. Bure." Akatoa karatasi kifuani. "Na amenipa stakabadhi. Huyo ndiye mtu wa kazi, mdogo wangu. Si kama wengine humu."

Muhuri aliipokea karatasi. Duara lilikuwa katikati kabisa, limegongwa kwa mkono mtulivu na wino wa kiasi, kila herufi imesimama peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu kufa kwa chama kile, dunia iliweza kusoma: CHAMA CHA WAFUGA NJIWA. Hata kinjiwa kidogo kilionekana chini, na Muhuri hakuwahi kujua kwamba kimo.

Alitaka kusema. Lakini ili kuufichua uongo wa muhuri ule ilimbidi aeleze ameujuaje, na jioni ilikuwa imefika, na begi lake la nguo dada alishaliweka karibu na mlango.

"Umegongwa vizuri," alisema.

"Nami nimeona. Na hiyo?" Dada alionyesha feni kwa kidevu. "Umeingiza kitu?"

"Feni, Dada. Ya cherehani yako. Nilikuahidi."

Dada aliizunguka, akaipapasa, akaguswa kidogo; hilo lilimuuma Muhuri kuliko mambo mengine yote ya siku ile. Akaisogeza mwenyewe karibu na cherehani, akachomeka waya, akabonyeza kitufe cha kwanza. Akabonyeza cha pili. Akamgeukia ndugu yake.

"Hii inaanza taratibu," Muhuri alisema. "Aina hii ndivyo ilivyo. Wewe kaa, shona."

Dada alikaa, akaweka pini mdomoni. Muhuri akaenda nyuma ya feni, akaketi sakafuni, pale pale ambapo miguu minne ya kochi ilikuwa imeacha alama zake. Akapenyeza kidole kwenye wavu, akaanza kuyazungusha mapanga. Upepo ukatoka, mwembamba, lakini ukatoka. Pazia likatikisika kwenye cherehani.

Dada hakugeuka. Alishona upindo mmoja mpaka mwisho, akakata uzi, akatoa pini mdomoni.

"Upepo mzuri," alisema. "Ongeza iwe namba mbili. Na ikisimama tu, mdogo wangu, begi lako liko mlangoni."